Amonia katika Damu Baada ya Degedege: Ini au Misuli?

Mgonjwa anapofikishwa katika idara ya dharura akiwa hajitambui baada ya degedege la mwili mzima, daktari hukabiliwa na swali gumu: je, degedege ndilo lililomwondolea fahamu, au ipo sumu mwilini iliyoyasababisha yote mawili? Kipimo cha amonia huweza kusaidia kulijibu, lakini kikisomwa pasipo uangalifu hupotosha.

Amonia huzalishwa mwilini wakati wote, hasa protini zinapovunjwavunjwa. Ini huigeuza kuwa yurea, ambayo figo huitoa kwa njia ya mkojo. Ini likishindwa kazi, amonia hulimbikizana, huathiri ubongo, na mgonjwa huchanganyikiwa au hata kupoteza fahamu. Ndiyo maana matabibu waonapo amonia nyingi hulifikiria ini kwanza.

Hata hivyo, misuli nayo ni chanzo. Wakati wa degedege misuli hukakamaa na kutikisika kwa nguvu nyingi mno. Akiba yake ya nishati ikipungua, huvunja kemikali iitwayo adenosini monofosfeti, na amonia humwagika katika damu kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuiondoa. Degedege likikoma, ini lenye afya huisafisha, na kwa kawaida kiwango hushuka ndani ya saa chache bila dawa maalumu.

Kwa hiyo, jambo la busara ni kurudia kipimo baada ya saa kadhaa. Kiwango kikibaki juu au kikizidi kupanda, uchunguzi uendelee: huenda ni ugonjwa wa ini, huenda ni valproeti, dawa ya kifafa iwezayo kupandisha amonia hata ini likiwa zima, au, hasa kwa mtoto mchanga, kasoro ya kurithi katika utengenezaji wa yurea. Sampuli nayo iwekwe kwenye barafu na kupimwa mapema, kwani damu iliyokaa huendelea kuzalisha amonia na kutoa jibu la uongo.

Kusubiri majibu kusicheleweshe tiba. Sukari ya damu hupimwa mara moja, malaria huchunguzwa, na degedege linaloendelea kwa dakika 5 au zaidi hutibiwa kama dharura kwa dawa za kulikomesha, kama vile diazepamu.

Ndugu wa mgonjwa nao wana wajibu. Wamlaze kwa ubavu, wasimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, na waangalie saa. Hospitalini waeleze degedege lilianza lini, lilidumu muda gani, na mgonjwa hutumia dawa zipi. Pasipo maelezo hayo, tarakimu ya amonia iliyoandikwa na maabara haina tafsiri ya uhakika.