Mzigo wa hewa tusiouhisi, na hatari ya kukwea mlima kwa pupa

Abiria anayetua Mombasa kwa ndege kutoka Nairobi huhisi masikio yameziba, kisha yakazibuka ghafla anapomeza mate. Wengi hulisahau jambo hilo papo hapo. Ilhali ni ushahidi kwamba binadamu huishi chini ya mzigo mkubwa ajabu wa hewa.

Katika usawa wa bahari, hewa hulemea kila sentimita mraba ya ngozi kwa uzito wa takriban kilo moja. Ukijumlisha ngozi yote ya mtu mzima, mzigo huo hupita tani 15. Mbona basi hatupondeki? Mwili si debe tupu. Sehemu yake kubwa ni maji, na maji hayabonyei kwa urahisi. Nayo hewa iliyomo mapafuni ina shinikizo lililo sawa na la nje.

Shida huzuka pale hewa inapofungiwa. Nyuma ya kiwambo cha sikio mna nafasi ndogo iliyounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ndege inaposhuka, shinikizo la nje huongezeka na kukisukuma kiwambo ndani hadi mrija huo ufunguke. Ndiyo sababu mama hushauriwa kumnyonyesha mtoto ndege inapoteremka.

(Jambo hili lisichanganywe na shinikizo la damu, ambalo watu wetu huliita presha. Hata hivyo, ile 120 anayoisoma daktari ni kiasi ambacho damu imelizidi shinikizo la hewa.)

Kupanda juu ni kisa kingine. Wapo wanaodhani kwamba mlimani sehemu ya oksijeni katika hewa hupungua. La hasha. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa kule Lamu, na ni vivyo hivyo Point Lenana, mita 4,985. Kinachopungua ni shinikizo la kuisukuma kutoka mapafuni hadi kwenye damu. Kileleni huko limebaki kama nusu tu.

Mwili hujihami. Pumzi huenda mbio, moyo hudunda kwa kasi, na figo hutoa homoni inayouchochea uboho kuunda chembe nyekundu zaidi za damu. Hayo mawili ya mwanzo huanza mara moja. La tatu huhitaji wiki kadhaa. Wanariadha wanaofanyia mazoezi Iten, mita 2,400, hulitegemea hilo. Mkwea mlima wa siku tatu hana wiki hizo.

Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Sasa tazama njia ya Naro Moru katika Mlima Kenya. Anayelala kituo cha Met, mita 3,050, kisha kesho yake akalala kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200, amekizidi kipimo hicho maradufu. Kichwa humwuma na kichefuchefu humshika. Akilazimisha safari, mapafu yaweza kujaa maji akawa anakohoa povu, au ubongo ukavimba akaanza kuyumba kama mlevi.

Kibaya zaidi, akili ndiyo hutangulia kulegea. Mnamo Aprili 1875, Wafaransa watatu walipaa kwa puto la Zénith hadi zaidi ya mita 8,000. Oksijeni walikuwa nayo, lakini walizimia kabla ya kuitumia ipasavyo. Wawili, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walifariki. Gaston Tissandier, aliyenusurika, alisimulia kwamba hakuhisi mateso yoyote, bali furaha. Alitaka kuushika mrija wa oksijeni, mkono ukakataa kuinuka.

Kwa hivyo mgonjwa anayeyumba huku akishikilia kwamba yu buheri wa afya hastahili kusikizwa, hata kama amelipia kilele. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane, wala asiachwe ashuke peke yake. Si lazima afike langoni. Aghalabu kushuka mita 300 hadi 1,000 humpa nafuu.