Neno "Wherefore" Haliulizi Mahali

Katika masomo yetu ya Kiingereza hapana neno la kale linalosomwa na wengi na kufahamiwa na wachache kama "wherefore". Mwanafunzi huona "where" mwanzoni, naye hudhani kwamba neno zima linauliza "wapi?" Sivyo. Maana yake ni "kwa nini?"

Njia nyepesi ya kulishika ni kulitazama pamoja na ndugu yake "therefore", ambalo katika jiometri tunaliandika kwa vitone vitatu. "Therefore" ni "there" na "for": kwa hiyo. "Wherefore" ni "where" na "for": kwa nini. Tazameni jinsi Kiswahili chetu kilivyofanya vivyo hivyo: swali ni kwa nini, jibu ni kwa hiyo, na yote mawili huanza na "kwa". Katika maneno ya namna hii "where" imeacha kazi ya kuuliza mahali, ikasimama badala ya "nini" au "ambacho". Ndivyo ilivyo pia katika "whereby" na "whereof".

Neno hili huharibu mambo zaidi katika mchezo wa Romeo na Juliet, ambao Shakespeare aliuandika karibu na mwaka 1595. Ni usiku, Juliet yuko juu, analitaja jina la Romeo. Hapo waigizaji wengi wa shule hutia kiganja juu ya macho wakachungulia bustanini, kama mtu aliyepotewa na mbuzi. Lakini Juliet hamtafuti mtu. Hajui hata kidogo kwamba Romeo yupo pale chini anamsikiliza. Adhani yu peke yake. Analolalamikia ni jina: kwa nini kijana ampendaye awe Romeo wa ukoo wa Montague, adui wa ukoo wake yeye wa Capulet? Ndiyo sababu maneno yanayofuata ni ya majina matupu, na ya kumsihi alikane lake. Mtazamaji aliyedhani kwamba swali ni la "wapi" hataona maneno hayo yametoka wapi, na huku uadui wa majina hayo mawili ndio utakaowapeleka wote wawili kaburini. Ningeulizwa, ningemwambia mwigizaji ashushe kiganja, alitamke neno hili kama tunavyotamka "mbona", ambayo ina uchungu kuliko "kwa nini", kisha nguvu ya sauti aitie katika jina.

Lina kazi nyingine pia. Lisipokuwa na alama ya kuuliza, mara nyingi maana yake ni "kwa sababu hiyo". Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watalikuta hivyo tele. Siku hizi limebaki katika hati za mawakili, hasa wa Marekani, na katika msemo "the whys and wherefores", ambao sisi tungesema kisa na maana. Katika insha ya mtihani andikeni "why". Mtahini hatoi alama kwa uzee wa neno.