Sare ya Mwaka Jana Bado Ina Kazi

Kila Desemba shule zikifungwa, orodha huwa ile ile: mashati mawili, sketi au kaptula mbili, sweta, viatu vyeusi, soksi, begi, madaftari, mkebe wa hesabu. Wazazi wengi huisoma kana kwamba vitu vyote hivyo vimekufa siku moja. Ada iliondolewa katika shule za serikali, kuanzia za msingi mpaka kidato cha nne, Januari 2016, lakini sare na madaftari vilibaki mzigo wa mzazi. Ni hesabu inayotaka utulivu, na utulivu haupatikani Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa.

Mimi ni fundi wa sare, kwa hiyo faida yangu ni wewe ununue mpya. Hata hivyo nitasema ninachokiona kila mwaka mezani pangu: nguo nyingi zinazoletwa nizitumie kama kipimo cha kushonea mpya zenyewe bado zina mwaka mmoja au miwili ndani yake. Nguo ya shule hustaafishwa na jambo moja kati ya matatu: mtoto amekua, kitambaa kimechoka, au shule imebadili kanuni. Kosa ni kuyachanganya, kwa sababu kila moja lina dawa yake. Mtoto aliyekua anahitaji pindo lishushwe. Kitambaa kilichochoka kinahitaji kiraka, au kiachwe kipumzike. Kanuni mpya haina dawa ila pesa.

Tuanze na kukua. Baada ya miaka mitano hadi anapokaribia kubalehe, mtoto huongezeka wastani wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya hizo huingia miguuni. Ndiyo maana suruali huwa fupi wakati shati bado linakaa vizuri. Kwa suruali au sketi, hiyo ni sentimita 3 na kitu kwa mwaka. Pindo lililoachwa na sentimita 7 au 8 ndani litakufikisha miaka miwili. Kisha kunakuja msimu wa kasi. Kwa wasichana kilele chake kwa kawaida ni miaka 11 au 12, kwa wavulana 13 au 14, na hapo mtoto anaweza kuongeza sentimita 8 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, na mwili ukatanuka pia. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu ukimshonea nguo ya miaka miwili hujakosea. Binti wa darasa la tano ukimfanyia vivyo hivyo, umebahatisha.

Kujua kama shati limepitwa na wakati usiangalie urefu wake. Angalia bega. Mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili ukianza kupanda kuelekea shingoni, shati hilo limekwisha, na hakuna fundi atakayekurudishia bega. Urefu unaweza kuvumilika, maana shati linachomekwa. Mwambie mtoto anyooshe mikono juu kama anayejibu swali. Likichomoka kiunoni lote, hilo ni la mdogo wake sasa.

Sketi ya marinda ni habari nyingine, na hapa ndipo wazazi wanapotupa mali bila kujua. Marinda kamili hula kitambaa mara tatu ya kiuno: kiuno cha sentimita 60 kimebeba kitambaa cha sentimita 180, thuluthi mbili zimejificha kwenye mikunjo. Binti akitanuka kwa sentimita 6 na sketi ina marinda 20, kila rinda linatakiwa kuachia milimita 3 tu. Hata jirani hataona tofauti. Kazi iliyopo ni kufumua mkanda wa kiuno, kuyapanga marinda upya, kuyapiga pasi na kurudisha mkanda uliounganishwa kipande kidogo. Inachukua muda, fundi atataka alipwe, lakini ukilinganisha na kitambaa kipya pamoja na ushonaji, mara nyingi bado utakuwa umeokoa.

Sasa kitambaa. Mashati mengi ya shule ni ya tetroni, yaani mchanganyiko wa polista na pamba; uliozoeleka ni asilimia 65 polista na 35 pamba. Polista ndiyo inayolipa shati nguvu na kulifanya likauke haraka, pamba ndiyo inayonyonya jasho na kulifanya lijae. Mama anapoloweka shati kwenye Jiki kila Jumamosi, klorini haiisumbui sana polista. Inayoliwa ni pamba. Baada ya miezi kadhaa shati ni jeupe kweli, ila limekuwa jepesi kama chandarua. Kitambaa kimebaki nusu. Linyanyue dhidi ya mwanga wa dirisha, upande wa mgongoni na chini ya kwapa. Ukiona nyuzi zimeachana, kiraka hakitashika hapo, kwa kuwa sindano itapata pa kutobolea lakini haitapata pa kung'ang'ania.

Kama mwili wa shati ni mzima na kilichochakaa ni kola, usinunue shati. Kola huliwa kwenye mkunjo, pale inapogusana na shingo, lakini ina nyuso mbili, na uso wa chini haujawahi kuonja brashi wala jua. Fundi hufumua mshono mmoja tu, ule unaoishikilia kola kwenye ukanda wa shingoni. Huigeuza, ya chini ikaja juu, huilinganisha katikati kwa pini ili ncha mbili zisipishane, kisha huirudisha ndani ya ukanda na kupitisha cherehani mara moja. Mafundi wa zamani walilifanya hili bila kuulizwa. Siku hizi ukilitaka lazima uliseme, na vijana wengine watakuangalia usoni kwanza. Blauzi zenye kola isiyo na ukanda hazigeuziki hivyo, kwa hiyo usilazimishe.

Kaptula na suruali hufia makalioni. Dawati lenye msumari ulioinuka lina kesi ya kujibu, lakini mara nyingi ni msuguano wa kila siku tu. Kiraka bora kuliko vyote ni kile kinachowekwa ndani kabla tundu halijatokea, kikashonwa mistari ya kwenda na kurudi kwa uzi wa rangi ile ile. Ukisubiri mpaka pachanike, utaweka kiraka kinachoonekana, na mtoto atakificha kwa kutembea na begi limeshuka mpaka chini ya mgongo. Ule mng'ao unaotokea kwenye suruali nyeusi na za bluu, ambao wengi huudhania kuwa ni uchakavu, mara nyingi umeletwa na pasi: joto limelainisha na kuzilaza nyuzi za polista. Piga pasi ndani nje, au tandika kitambaa kibichi juu yake.

Sweta linategemea unaishi wapi. Njombe, Makete au Lushoto mtoto analivaa karibu kila asubuhi, na viwiko na vikuku vya mikono ndivyo vinavyoanza kufumuka. Dar es Salaam sweta huvaliwa kwa ajili ya mwalimu wa zamu. Kwa mtoto wa Pwani ninashauri sweta kubwa namba moja mbele na liishi miaka miwili bila wasiwasi. Masweta mengi ya shule ni ya akriliki, ambayo hairudi sana majini ila huvutika, hasa sweta likianikwa kwa kuning'inizwa likiwa zito kwa maji. Lilaze juu ya kanga kavu. Kikuku kikifumuka, peleka kwa mwenye mashine ya kufuma, siyo kwa fundi cherehani.

Viatu ndivyo vinavyonitia uchungu zaidi, ingawa si fani yangu kwa asilimia mia. Tumezoea kununua vikubwa ili mtoto akue navyo. Lakini kiatu kimetengenezwa kikunjike mahali pamoja, chini ya vifundo vya vidole. Kikiwa kirefu kupita kiasi, mguu unakikunja mahali pengine, ngozi inapasuka na soli inaachia gundi kabla ya muda wake. Mtoto naye hukunja vidole ndani ili kisimvuke. Nafasi inayofaa mbele ya kidole kirefu ni kama sentimita moja hadi moja na nusu. Namba za viatu tunazozoea, 34, 35, 36, hupishana kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo ukiruka namba mbili umeongeza sentimita 1.3 juu ya nafasi iliyokuwapo tayari. Hapo mtoto anavuta mtumbwi.

Pima jioni, mguu ukiwa umetanuka. Msimamishe mtoto juu ya karatasi, chora miguu yote miwili kwa sababu aghalabu mmoja unazidi mwenziwe, kisha kata mchoro wa mguu mrefu na uende nao dukani. Ukiingia ndani ya kiatu bila kujikunja na ukabaki na nafasi niliyoitaja, nunua. Nyumbani pia mchoro huo ndio utakaokuambia kama kiatu cha mwaka huu kina muhula mwingine.

Wapo wanaonunua viatu vya bei ya punguzo na kuviweka kabatini vimsubiri mtoto. Akiba haiozi, wahenga walisema, ila hawakuwahi kukutana na soli ya poliyurethani. Soli hiyo, ile nyepesi yenye vitundu vidogo ndani kama mkate, huvunjwa polepole na unyevu ulio hewani. Katika joto la Tanga au Unguja, inaweza kukaa miaka michache bila kuvaliwa, na siku ya kwanza barabarani ikameguka vipande. Kiatu cha soli ya mpira iliyoshonwa kinahifadhika vizuri zaidi. Kurithishana viatu kunawezekana, mradi kisigino hakijaliwa upande mmoja. Kikiwa kimeliwa hivyo, mdogo atafundishwa mwendo wa kaka yake.

Nguo za ndani na soksi hazikaguliwi mstarini, kwa hiyo ndizo zinazosahauliwa. Hizo sina huruma nazo: lastiki ikilegea, badilisha. Binti aliyevunja ungo, au anayekaribia, awe na taiti za kutosha na taulo za kike ndani ya bajeti ile ile ya sare. Zisiwe kitu cha kuombwa kwa aibu Jumatatu asubuhi.

Kwenye begi, kinachoua ni zipu, na mara nyingi zipu yenyewe ni nzima. Kilichochoka ni kile kichwa kinachotembea juu ya meno. Kimetanuka, kwa hiyo hakibani tena. Koleo dogo, ukikibana kidogo pande zote mbili, hurudisha kazi kwa muda, na fundi mabegi hubadilisha kichwa peke yake bila kugusa meno. Kinachostahili begi jipya ni mikanda ya mabegani iliyoachia kutoka kwenye kitambaa kilichooza. Na kabla ya kununua kubwa zaidi, kumbuka kwamba mzigo wa mtoto unashauriwa usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 4 na nusu. Begi kubwa hujazwa tu.

Madaftari yahesabiwe kwa kurasa zilizoandikwa. Kwaya moja ni karatasi 24 zilizokunjwa katikati, yaani kurasa 96, na kaunta buku ya kwaya tatu ina kurasa 288. Fungua la mwaka jana uone somo gani lilifika wapi. Hisabati huenda ilimaliza, lakini historia ikaishia ukurasa wa 110. Mwaka huu inatosha kwaya mbili, na karatasi nyeupe zilizobaki zikatwe, zitobolewe, zifungwe kwa uzi ziwe daftari la mazoezi. Mkebe wa hesabu haubadilishwi kwa sababu bati limepata kutu. Angalia kama namba za kipimapembe zinasomeka na kama skrubu ya bikari inabana. Vitabu vya kiada, kinyume chake, viangalie kwa makini kabla ya kumrithisha mdogo: mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu mwaka 2024, na kitabu cha dada kinaweza kuwa kizima kabisa kikawa cha mtaala wa zamani. Vya Taasisi ya Elimu Tanzania vina mwaka wa toleo kurasa za mwanzo.

Kuhusu kanuni, wazazi wana sauti kuliko wanavyodhani. Shule inayobadili rangi ya sweta au mistari ya tai iombwe kwenye kikao iruhusu ya zamani mpaka ichakae. Na mwenye mtoto wa darasa la saba ajue kwamba mtihani ni Septemba; sketi mpya ya Julai ina wiki chache za kazi.

Kama baada ya yote hayo bado unatakiwa kushona, njoo Novemba, tukiwa hatujazidiwa. Mwambie fundi aache pindo la sentimita 8, aache sentimita 2 za ziada kwenye mshono wa nyuma ya kiuno, na aweke kiraka cha ndani makalioni tangu mwanzo. Akikuambia haiwezekani, pengine umemletea kitambaa kidogo: sketi ya marinda ya kiuno cha 60 inataka sentimita 180 za mzunguko, na kitambaa cha upana wa mita moja na nusu hakifiki, lazima pana mbili ziungwe. Pima urefu wa sketi pamoja na pindo, zidisha mara mbili. Vipande vitakavyobaki ni vyako, vidai. Mimi kimoja hukishikiza ndani ya pindo kwa mishono mipana, nguo ikifuliwa na kuanikwa ndani nje nacho kinapauka pamoja nayo, ili siku ya kiraka rangi zisigombane.