Barua Pepe kwa Wateja: Ridhaa Kwanza, Tangazo Baadaye

Wafanyabiashara na vikundi vya wajasiriamali wa ukanda wetu, kuanzia wauza mchele wa Kahama hadi wauza pampu na vipuri vya wachimbaji wadogo wa Katoro, wanaweza kutangaza bidhaa zao kwa barua pepe kwa gharama ndogo. Hata hivyo, tangazo linalotumwa kiholela hufutwa bila kusomwa, na linaweza kumfanya mtumaji avunje sheria.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mlaji tangazo la biashara asiloliomba, isipokuwa pale ambapo ameridhia, ujumbe umeeleza mwanzoni nani anautuma na kwa madhumuni gani, na mlaji amepewa njia ya kukataa ujumbe mwingine.

Masharti hayo yanamfaa mfanyabiashara mwenyewe. Mteja aliyetoa anwani yake dukani kwa hiari humtambua mtumaji. Asiyemjua mtumaji hudhani ni utapeli, hasa katika nyakati hizi za ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”.

Ili tangazo lizae matunda, mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Mteja aulizwe wakati wa mauzo kama angependa kupokea taarifa, na jibu lake liandikwe daftarini pamoja na tarehe.

2. Kichwa cha barua kitaje jambo lenyewe. “Ofa kabambe!” hakimwelezi mteja chochote, “Bei ya mchele wiki hii, gunia la kilo 100” kinamweleza. Ndani ziwepo bei, mahali duka lilipo na namba ya simu. Picha ziwe chache, kwa kuwa wengi husoma kwa simu na kwa bando dogo.

3. Wateja wagawanywe kwa mahitaji na msimu. Mama lishe hahitaji bei ya pampu. Mchimbaji anaihitaji mvua zinapokaribia na mashimo kuanza kujaa maji.

4. Barua moja ikitumwa kwa wengi, anwani zao ziwekwe katika sehemu iliyoandikwa Bcc, ili mteja asione za wenzake. Katika ukanda wa dhahabu jambo hili ni la usalama: orodha ya wanaouza au kununua madini ikimfikia mhalifu, maisha ya watu huwa hatarini.

5. Anayeomba kuondolewa katika orodha aondolewe mara moja.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na ajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kununua orodha ya anwani mitaani hakumpi mtu ridhaa ya wenye anwani hizo.

Mfanyabiashara apime mafanikio kwa idadi ya wateja waliopiga simu au kufika dukani, si kwa wingi wa barua alizotuma. Wateja hamsini walioridhia wana thamani kuliko anwani elfu moja za wasiomjua. Naye mwananchi akumbuke kwamba kukataa tangazo asilolihitaji ni haki yake kisheria.

Kwa ushauri zaidi kuhusu uendeshaji wa biashara, wananchi wafike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri.