Umeme umeunguza kompyuta: tuitengeneze ao tununue ingine?

Ndugu wanamemba, katika koperative nyingi tunazotembelea habari ni moja: umeme ulikatika, ukarudi na nguvu nyingi, na sasa kompyuta ya ofisi haiwake tena. Wamoja katika kamati wanasema itupwe, wengine wanasema iende kwa fundi. Lakini ndani ya ile mashini muko kilo za kahawa za kila memba, na watu wanangojea malipo. Kabla ya kutoa makuta, tufuate hatua hizi.

1. Tuichomoe, tusijaribu kuiwasha mara na mara. Kama inanuka kuungua ao batri imevimba, tusiichomeke tena hata kidogo.

2. Tuanze na sharja. Mara nyingi ndiyo inapata pigo la kwanza, na kompyuta yenyewe inabaki nzima. Sharja inapokea volti 220 na kuzishusha, kwa kompyuta nyingi, mpaka karibu volti 19. Fundi aipime, alinganishe na namba iliyoandikwa juu yake. Kama haitoe kitu, tununue sharja tu: volti zile zile, ampea zisizopungua.

3. Kama sharja ni nzima, pengine karti kubwa ya ndani imeungua. Hata hapo, hesabu zetu ziko kwenye diski, na mara nyingi diski inapona. Fundi aitoe, anakili hesabu kwenye kompyuta ingine, mbele ya mtu wa kamati. Hii ifanyike kwanza, hata kama mashini haitatengenezwa.

4. Tuombe bei kwa maandishi mbele ya kazi kuanza, na tuulize garanti ni ya siku ngapi. Sisi tunashauri hivi: matengenezo yakipita nusu ya bei ya okazioni nzuri, tuache. Tuseme okazioni ni dola 200: kwa dola 40 tutengeneze, kwa dola 120 hapana, juu karti iliyoungua mara moja inaweza kufa tena.

Ili isirudie: umeme ukikatika, tuchomoe kila kitu, na ukirudi tungoje dakika 10. Jenereta nayo iwake kwanza, itulie, ndipo tuchomeke. Kila Ijumaa mwandishi anakili hesabu kwenye flashi, na flashi ilale fasi ingine, si ofisini. Na karatasi za mzani tusizitupe: siku kompyuta na flashi vyote vikikosa, memba atalipwa kwa karatasi ile.