Taa Nyekundu na Kidimbwi cha Oili: Namna ya Kuihoji Injini ya Pikipiki Kuukuu

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Uingereza, nilikaa jirani na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na pikipiki aina ya Honda CB750. Mashine hiyo ya Kijapani, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1969, ina silinda nne zilizopangwa kwa safu moja, zenye ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 736. Mzee aliihifadhi bandani majira yote ya baridi. Siku aliyoiwasha tena, taa nyekundu ya oili ilikataa kuzimika, na chini ya injini kukawa na kidimbwi cheusi. Akaizima upesi. Gereji moja ilimwambia kuwa injini imekwisha na ni lazima ifunguliwe yote. Gharama aliyotajiwa ilimshinda, naye akaanza kufikiria kuiuza kama chuma chakavu. Kwa kuwa alijua nasomea uhandisi, alikuja kunigongea mlango.

Katika makala haya nitaeleza tulivyoichunguza pikipiki ile. Msomaji ataona kwamba njia tuliyoifuata ni ile ile anayotakiwa kuifuata mwanafunzi katika maabara: kukijaribu kwanza chombo kinachotoa habari, kabla ya kuiamini habari yenyewe.

Taa hupima nini?

Watu wengi hudhani kwamba taa ya oili huwaka oili inapopungua. Sivyo. Taa haijui kiasi cha oili kilichomo. Hujua shinikizo tu, yaani lile ambalo baadhi ya vitabu vya fizikia huliita kanieneo, na hulijua mahali pamoja tu ndani ya injini.

Kirenki ya CB750, yaani mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, imeshikwa na beringi zisizo na gololi. Kinachozuia chuma kisisuguane na chuma ni utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikosekana, beringi huweza kuharibika katika muda mfupi mno. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: taa ikiwaka wakati wa safari, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Uchunguzi hufanywa baadaye, injini ikiwa imezimwa.

Pampu husukuma kiasi fulani cha oili kila inapozunguka. Shinikizo hutokea pale njia nyembamba zinapopinga mtiririko. Anayemwagilia bustani kwa mpira hulifahamu jambo hili: akiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji huruka mbali, akiuachia, maji huanguka karibu ingawa bomba halijafungwa. Vivyo hivyo, beringi zikilika nafasi zake hupanuka, nalo shinikizo hushuka. Joto pia huipunguzia oili mnato, ikawa nyepesi. Ndiyo maana katika injini iliyochakaa taa huanza kumetameta injini ikiwa ya moto na inazunguka polepole, kisha huzimika mwendo unapoongezwa.

Mzunguko wa umeme wa taa hiyo ni rahisi. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye taa, hushuka kwa waya mmoja hadi kwenye swichi iliyofungwa kwenye injini nyuma ya silinda, na kurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na fremu. Injini ikiwa imezimwa hakuna shinikizo. Ncha za swichi hugusana na taa huwaka. Injini ikiwashwa, oili huzisukuma ncha hizo zikaachana, na taa huzimika.

Kuhoji waya kabla ya injini

Kutokana na maelezo hayo, mwanafunzi makini atagundua kwamba taa inaweza kusema uongo wa namna mbili. Waya ukichubuka na kugusa chuma, taa itawaka daima hata kama shinikizo ni zuri. Waya ukikatika, au taa ikiungua, haitawaka kamwe hata kama beringi zinateketea. Uongo wa kwanza humsumbua mwenye pikipiki; wa pili humwangamizia injini. Basi kila mara unapofungua ufunguo, kabla ya kuwasha injini, hakikisha kwamba taa imewaka. Taa isiyowaka wakati huo isikupe faraja.

Tulifungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa iliwaka, kama ilivyopasa. Kisha tukauchomoa waya kwenye swichi. Hapo taa ilipaswa kuzimika, kwa sababu njia ya umeme imekatwa. Haikuzimika! Jibu likawa dhahiri: umeme ulikuwa ukipata njia nyingine ya kufika kwenye chuma kabla ya kuifikia swichi. Tuliufuata waya kwa macho na vidole hadi tukaukuta umebanwa chini ya kifuniko kimoja cha injini, ganda lake limepasuka. Mtu fulani alikifunga kifuniko hicho bila kuangalia.

Tuliufunika waya upya na kuupitisha mahali pake. Taa sasa ilizimika ulipochomolewa, na ikawaka ncha yake ilipoguswa kwenye chuma. Lakini kuthibitisha kwamba shahidi alikuwa mwongo si kuthibitisha kwamba injini ni nzima. Tuliazima geji ya shinikizo, tukaifunga mahali pa swichi na kuwasha injini. Baada ya injini kupata moto, kipimo kilikuwa ndani ya mipaka iliyotajwa katika kitabu cha mwongozo. Hapo ndipo tulipokuwa na haki ya kusema kwamba beringi ni salama.

Oili iliyojificha

Bado kidimbwi kilihitaji maelezo. CB750 haihifadhi oili yake chini ya injini kama zifanyavyo pikipiki nyingi. Oili hukaa katika tangi la pembeni, chini ya kiti. Pampu ina sehemu mbili: moja huisukuma oili kutoka tangini kwenda kwenye beringi; nyingine huifyonza ile iliyodondoka chini ya injini na kuirudisha tangini. Kati ya tangi na injini mna vali ndogo ya kuzuia oili isishuke pikipiki inapoegeshwa.

Vali hiyo ikichakaa, oili huteremka polepole kwa uzito wake. Baada ya miezi kadhaa sehemu kubwa yaweza kuwa imehamia chini ya injini. Mzee alikuwa amepima oili kwa kijiti cha tangi kabla ya kuwasha, akaona imepungua, akaongeza. Kumbe haikupungua, ila ilihama. Injini ilipowaka, oili ya ziada ilikosa pa kukaa, ikatapikwa kupitia bomba la kupumulia na kumwagika chini. Ule haukuwa uvujaji hata kidogo. Ndiyo maana oili ya pikipiki ya aina hii hupimwa baada ya injini kuzunguka na kupata moto, si kabla.

Kutafuta chanzo

Tulipotoa oili iliyozidi, ulibaki unyevu mdogo uliong'aa kwenye silinda. Huu ulikuwa uvujaji wa kweli. Kosa la kawaida ni kulaumu mahali ambapo oili inaonekana. Oili huvutwa chini na uzito wake na kusukumwa nyuma na upepo. Hivyo chanzo aghalabu kiko juu zaidi na mbele zaidi ya tone.

Tuliosha injini ikiwa baridi, tukaikausha, kisha tukaipaka unga mkavu mweupe. Vumbi la chaki lafaa. Baada ya mwendo wa dakika chache na kuiacha ipoe, mstari mweusi ulionekana ukianzia pale kebo ya mita ya mizunguko inapoingia kwenye kichwa cha injini. Sili ya mpira ya mahali hapo ilikuwa imekakamaa kwa umri na joto. Tuliibadilisha, na unyevu ukakoma.

Sehemu nyingine zinazostahili kukaguliwa ni pete za mpira zilizo kwenye njia za oili kati ya silinda na kichwa, swichi yenyewe, na sili ya mhimili unaoendesha mnyororo. Chunguza pia bomba la kupumulia, kwani likiziba hewa iliyobanwa huilazimisha oili kupenya hata kwenye sili nzima. Oili kwenye gurudumu la nyuma isikushtue upesi: matoleo ya mwanzo ya CB750 yalitengenezwa yakiulainishia mnyororo oili yake yenyewe. Wala usikaze skrubu kwa hasira. Aloi ya alumini hukatika hesi kwa urahisi, na gasketi iliyokufa haifufuliwi kwa spana.

Zoezi la darasani

Pikipiki ndogo zinazobeba abiria katika miji yetu aghalabu hazina taa hii, lakini mwalimu anaweza kuionyesha kanuni yake kwa betri kavu, balbu ndogo, nyaya na swichi. Afiche kosa moja, waya uliokatika au uliogusana na mwingine, kisha awatake wanafunzi wataje matokeo wanayotarajia kabla ya kila jaribio. Wabadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, na waandike.

Mzee yule alitumia fedha za sili moja na kipande cha utepe wa kufungia nyaya. Injini iliyohukumiwa kupasuliwa haikufunguliwa hata kifuniko cha silinda, nayo kiangazi hicho ilirudi barabarani.