Mahame kwenye Bamba la Shaba

Giovanni Battista Piranesi, fundi wa picha aliyefariki Roma mwaka 1778, alichora hekalu la kale lililobakia nguzo tatu tu. Katika picha hiyo nguzo zimezama ardhini hadi karibu na vichwa vyake. Ukizitazama leo utadhani fundi alitia chumvi, kwani zinasimama ndefu, wazi mpaka chini. Sivyo. Kifusi cha karne nyingi kilikuwa kimezifukia kweli, kikaja kuondolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Kilichokosewa ni jina: enzi hizo walilidhani hekalu la Jupita, kumbe lilikuwa la Kaisari Vespasiano.

Picha za namna hii hazichorwi moja kwa moja karatasini. Bamba la shaba hupakwa nta, fundi akachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha bamba likatiwa tindikali. Tindikali hula palipokwaruzwa tu. Mistari iliyolika hujazwa wino, karatasi ikabanwa juu yake. Lakini karatasi hutoa picha iliyogeuka, kulia kukawa kushoto, hivyo fundi makini alichora kinyume tangu mwanzo. Na Piranesi alipenda kuwachora watu wadogo mno chini ya kuta, jengo lionekane jitu. Kwa hiyo kimo cha kifusi nakiamini; ukubwa wa jengo naupima kwanza.

Nayasema haya kwa sababu ya Takwa, mahame yaliyo kisiwani Manda, ng'ambo ya kijiji cha Shela, Lamu. Watu waliuhama mji huo mwishoni mwa karne ya 17, wengi wakavukia Shela. Sijaona bamba lolote la zamani linaloonyesha kuta zake zilivyokuwa zikianguka. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba mwaka 1951 ilimbidi aisome ardhi yenyewe. Bahati nzuri mawe nayo yanasema: kaburi lenye nguzo, nje ya ukuta wa mji, lina mwaka 1094 wa Hijria, yaani takriban 1683. Hapo ndipo Washela huja hadi leo kuomba mvua.

Msikiti mkuu nao una nguzo iliyopanda juu ya ukuta wa kibla, na kila mgeni huipiga picha kwa simu, kileleni tu, mbingu nyuma. Picha nzuri ya ukutani; kwa mhifadhi haina kazi kubwa. Kuta za matumbawe na chokaa huliwa na chumvi na unyevu kuanzia chini, na mizizi hupenya kwenye nyufa. Ukienda, ngoja maji yajae, maana yakipwa mashua haifiki kwenye mikoko. Kisha piga picha ya msingi wa ukuta, mtu mzima akiwa amesimama kando yake, na uandike tarehe.